Hongo, Daraja la Tatu na Kadi ya Kugusa: Tiketi Zetu za Kwenda Mjini



Sisi tunaoshona magauni ya harusi huku Bukoba tumezoea maswali ya aina moja. Bi harusi akishamaliza kuuliza habari za shela na urefu wa pindo, huuliza habari za fungate: twende Mwanza au Dar? Tupande meli au basi? Tukifika mjini tukate tiketi kila tunapopanda gari, au tununue kadi moja tumalize? Wenzetu wa Unguja na Pemba wanaotaka kuja kutembea Kagera nao huuliza hayo hayo kwa upande wao. Tukaona badala ya kumjibu mmoja mmoja, tuieleze tiketi yenyewe ilikotoka, maana kuchagua tiketi huku kwetu ni jambo lenye historia ndefu, na sehemu ya historia hiyo imeandikwa makaburini.

Tuanzie kabla ya karatasi. Katikati ya karne ya 19 njia ya kutoka pwani kuja kwetu ilikuwa ya misafara. Watu waliondoka Bagamoyo, wakafika Tabora, hapo njia ikagawanyika, na wengine wakaelekea kaskazini hadi Karagwe na Buganda. Kule Karagwe, ambayo leo ni wilaya ya mkoa huu wetu wa Kagera, palikuwa na kituo cha wafanyabiashara Waarabu na Waswahili mahali paitwapo Kafuro. Kwa hiyo dada wa Unguja anayedhani Kagera ni mbali sana na kwao ajue kwamba watu wa kwao walikwishafika huku kwa miguu, wakaweka maduka, zaidi ya miaka 150 iliyopita.

Msafara haukupita bure. Kila mtawala mwenye nchi alitaka hongo. Siku hizi neno hilo tunalijua kwa maana ya rushwa tu, lakini wakati ule hongo ilikuwa ada ya kupita, ikijadiliwa hadharani, na mtu akishailipa alipewa njia na wakati mwingine ngoma ikapigwa kutangaza kwamba mambo yamekwisha. Na ililipwa kwa nini? Kwa nguo, shanga na nyaya za shaba. Nguo! Merikani iliyoshushwa bandarini Unguja ilikatwa dhiraa kwa dhiraa njiani hadi kufika Usui na Karagwe. Sisi mafundi cherehani tukisoma habari hizo tunacheka wenyewe: tiketi ya kwanza ya nchi hii ilipimwa kwa dhiraa na kukatwa kwa mkasi.

Mwingereza John Hanning Speke alipita njia hiyo mwaka 1861. Katika kitabu chake analalamika ukurasa baada ya ukurasa juu ya hongo ya Uzinza na ya Suwarora, mtawala wa Usui, aliyemchelewesha na kumpunguzia mizigo. Kisha akaingia Karagwe kwa Rumanyika na mambo yakabadilika, hongo haikudaiwa, na chakula kikatolewa kwa amri ya mfalme. Walikaa pale wiki nyingi. Basi hata wakati ule msafiri mwenye akili aliuliza kwanza njia ipi ina malipo mengi na ipi ina mwenyeji mwema, kabla hajafunga mizigo.

Mji wa Bukoba wenyewe ulianzishwa kama boma la Wajerumani mwaka 1890, na Emin Pasha. Lakini kilichoubadilisha mji huu zaidi ya boma ni reli ya Waingereza. Reli ya Uganda ilianzia Mombasa, ikafika Kisumu mwishoni mwa 1901, na meli zikaletwa vipande vipande kutoka Uingereza, zikaungwa pale pale ziwani. Winifred na Sybil zilitangulia miaka ya mwanzo ya 1900, Clement Hill ikafuata 1907. Zilizunguka ziwa zikigusa Entebbe, Bukoba na Mwanza, ingawa Bukoba na Mwanza zilikuwa chini ya Mjerumani. Biashara haikujali bendera. Kahawa na ngozi za Bukoba zilikwenda Kisumu, zikapanda reli hadi Mombasa.

Tafakari maana yake kwa msafiri. Mtu wa Bukoba aliyetaka kwenda Dar es Salaam, mji mkuu wa koloni lake mwenyewe, njia yake rahisi ilikuwa kuvuka ziwa, kupita nchi ya Mwingereza yote kwa treni, kufika Mombasa, kisha kuteremka pwani kwa chombo. Ndani ya nchi moja, lakini kwa kupitia nchi ya pili. Jambo hili tulikumbuke, litarudi mbele.

Vita ikaja. Juni 1915 Waingereza waliishambulia Bukoba kwa askari waliobebwa na meli hizo hizo za abiria kutoka Kisumu. Tuiache vita ipite. Nchi ikawa Tanganyika chini ya Mwingereza, na mwaka 1928 tawi la reli kutoka Tabora likafika Mwanza. Ndipo kwa mara ya kwanza mtu wa Bukoba au Muleba aliweza kupanda meli, kushuka Mwanza, kupanda treni na kufika Dar bila kutoka nje ya nchi. Kuanzia 1948 meli za ziwa na treni zote zikawa za shirika moja, Reli na Bandari za Afrika Mashariki.

Tiketi zilikuwa na madaraja matatu. Kwa desturi ya ukoloni daraja la kwanza lilikuwa la Wazungu, la pili la Wahindi, Waarabu na wenye uwezo wachache, la tatu la Waafrika pamoja na mikungu yao ya ndizi. Daraja lilikuwa bei, lakini pia lilikuwa rangi ya ngozi. Uhuru uliiondoa rangi, madaraja yakabaki. Na desturi nyingine nayo ikabaki, ya kuwahesabu vizuri waliolipa zaidi na kuwajumlisha waliolipa kidogo. Tutaona ilivyotugharimu.

Kuna jambo ambalo wanawake wa Kihaya hatupendi kulizungumza, lakini historia ya tiketi bila hilo ni nusu. Enzi za ukoloni wako wanawake wa Buhaya waliopanda meli kwenda Kampala, Nairobi na miji mingine kutafuta maisha. Wengine walikimbia ndoa zilizowashinda, wengine walifuata biashara, na wako walioishi kwa kuuza miili yao, wakarudi na fedha wakanunua mashamba. Wazee wa kimila na vyama vya Wahaya waliona aibu, wakajaribu kuwazuia wanawake wasisafiri peke yao na kuwarudisha waliokwishaondoka. Hatusemi waliyokuwa wakiyafanya wale wanawake ni mema. Dini yetu iko wazi. Tunachosema ni kwamba mzigo wa wale wachache ulitwishwa kila mwanamke mwenye fundo la nguo bandarini, hata anayekwenda kumuuguza dada yake. Jina baya hilo limetufuata miaka mingi, na bado kuna mama mkwe visiwani atakayeuliza, "Mhaya?" kwa sauti ya kupanda. Habari ya maharimu katika safari ni ya kumuuliza sheikhe wako, wala sisi si wanazuoni. Lakini kumkatalia mtu tiketi kwa kuwa ni mwanamke wa kabila fulani, hilo sheikhe gani atalitetea?

Turudi kwenye meli. Mwaka 1961 ikaingia kazini Victoria, iliyojengwa Scotland na kuungwa Kisumu, na wazee wetu hadi leo wakisema "meli" wana maana hiyo. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977 Victoria ikabaki Tanzania. Ilikuwa ikiondoka Bukoba usiku, inagusa Kemondo kuchukua abiria na mizigo, na asubuhi mko Mwanza. Daraja la kwanza lilikuwa na vyumba vya vitanda viwili. La pili lilikuwa na vyumba vya kulala watu wengi zaidi, na pia sehemu ya kukaa tu. La tatu ni mabenchi, na wengine chini, juu ya mikeka na magunia.

Maharusi wengi wa enzi hizo waliokwenda Mwanza kutembea walibana matumizi yote ili wapate kile chumba cha vitanda viwili, maana ndipo mke anapoweza kuvua mtandio wake na kuswali bila kukanyagwa. Waliosafiri bila waume waliulizia chumba cha wanawake watupu katika daraja la pili. Daraja la tatu lilikuwa la wenye haraka na wenye mifuko mitupu, yaani wengi wetu.

Meli ya pili ya njia hiyo ilikuwa MV Bukoba, iliyoanza kazi mwishoni mwa miaka ya 1970. Uwezo wake ulikuwa abiria 430. Usiku wa kuamkia Jumanne tarehe 21 Mei 1996 iliondoka Bukoba, ikapita Kemondo, ambako watu wa Muleba hupandia, na asubuhi ikiwa karibu kabisa na Mwanza ikapinduka. Rais Benjamin Mkapa alitangaza siku 3 za maombolezo. Wengi walizikwa Igoma, nje kidogo ya mji wa Mwanza, na wengi hawakuonekana tena.

Wamekufa wangapi? Hapa ndipo tiketi inapoingia. Orodha ya meli ilionyesha abiria 443 wa daraja la kwanza na la pili. Daraja la tatu halikuwa na orodha ya majina. Ndiyo maana hadi leo utasikia mmoja anasema mia nane, mwingine anasema elfu moja, na hakuna wa kumsahihisha mwenzake. Aliyelipa zaidi aliandikwa jina. Aliyelipa kidogo alipewa kikaratasi, na kikaratasi kilizama naye.

Wasomaji wetu wengi ni wake za watu au mko njiani kuwa, kwa hiyo tuliangalie jambo hili kama wanawake wa Kiislamu. Mume ameaga nyumbani Muleba Jumatatu, amesema anakwenda Mwanza, atapanda Kemondo. Jumatano redio inatangaza. Mwili haujaonekana. Jina haliko kwenye orodha kwa sababu alipanda daraja la tatu. Mke huyo aanze eda lini? Miezi minne na siku kumi ahesabu kutoka siku gani, na kwa ushahidi wa nani? Labda hakupanda. Labda alibadili nia akapanda basi, au yuko hospitali hajitambui. Ndugu wa mume wanataka shamba la migomba ligawiwe, mahakama inauliza ushahidi wa kifo. Na siku akijitokeza mtu wa kumuoa, mama huyo ni mjane au ni mke wa mtu?

Wanazuoni wameyazungumza masuala ya mume aliyepotea tangu zamani, na zipo kauli zao, zinatofautiana. Sisi tunasema kitu kidogo tu cha kidunia: mstari mmoja wa wino kwenye daftari la karani wa bandari ungemtoa mama huyo kwenye shaka ya miaka. Jina, anapotoka, namba ya tiketi. Basi.

Wenzetu wa Pemba na Unguja mnalijua hili kwa machungu yenu. MV Spice Islander ilizama kuelekea Pemba usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, karibu na Nungwi. Ilikuwa na ruhusa ya kubeba watu mia sita na kitu, lakini waliokuwemo walizidi mno hesabu hiyo, na idadi ya waliofariki ikabishaniwa muda mrefu kwa sababu ile ile ya watu wasioandikwa. Mwaka uliofuata, tarehe 18 Julai 2012, ikaja MV Skagit. Na huku ziwani, tarehe 20 Septemba 2018, kivuko MV Nyerere kikapinduka kikikaribia kisiwa cha Ukara, kimebeba watu zaidi ya mara mbili ya uwezo wake wa watu 101. Walikufa zaidi ya 200.

Kwa hiyo leo karani wa boti au wa meli anapokuomba kitambulisho na namba ya simu kabla ya kukukatia tiketi, usimkunjie uso kwamba anakuchelewesha. Na ikiwa hakuuliza, muulize wewe. Wapo wanaopenda kusafiri kwa tiketi yenye jina la mtu mwingine kwa sababu wamenunua kwa mlanguzi kwa bei nafuu kidogo. Bi harusi anayesafiri kwa jina la "Juma" kaokoa shilingi elfu chache, lakini likitokea la kutokea, yeye hayumo chomboni.

Baada ya MV Bukoba watu wengi wa huku walitishika na maji wakahamia barabarani. Barabara nazo zilikuwa na yake. Njia ya kutoka Kagera kwenda Kahama kupitia misitu ya Biharamulo ilikuwa mbovu na yenye majambazi, mabasi yakasindikizwa na polisi wenye bunduki. Usafiri wa mabasi usiku ulikuwa umepigwa marufuku, kwa hiyo safari ya Dar ilikuwa na kulala njiani. Wengi wakachagua mabasi yaliyopita Mutukula, Masaka, Kampala, Nairobi, Namanga na Arusha hadi Dar. Mnaona? Zaidi ya miaka 80 baada ya Mjerumani, mtu wa Bukoba alikuwa tena anazunguka kwa jirani ili afike mji mkubwa wa nchi yake. Na tofauti na babu yake, alihitaji hati ya kusafiria na mihuri ya mipaka mitatu. Tiketi ya basi peke yake haikutosha, ukisahau ile hati unashushwa Mutukula na sanduku lako la nguo za harusi.

Lami ilipoungana kwa ndani njia hiyo ya Nairobi ikafa polepole. Mwaka 2023 serikali ikaruhusu tena mabasi kusafiri usiku, na sasa mtu wa Muleba anaweza kwenda Dar bila kutafuta nyumba ya kulala wageni njiani.

Haya, umefika mjini. Hapo nako kuna historia. Dar es Salaam ilikuwa na kampuni ya mabasi ya watu binafsi iliyotaifishwa mwaka 1970, na mwaka 1974 likazaliwa shirika la UDA. Mabasi hayakutosha, wenye magari yao wakaanza kubeba watu kwa kujificha, na mwaka 1983 wakaruhusiwa rasmi. Nauli ilikuwa shilingi 5, na sarafu ya shilingi 5 watu waliiita dala. Konda akanadi "dala, dala!" na jina likakaa. Daladala haina tiketi ya kuchagua. Unatoa pesa, unapewa chenji ukiwa na bahati, unashuka. Kwa mgeni aliyevaa abaya na viatu vya harusi siku ya tatu baada ya ndoa, saa 12 jioni pale Kariakoo, sisi hatuna ushauri zaidi ya subira.

Mwendokasi ulianza Mei 2016, njia kuu ya Kimara hadi Kivukoni, takriban kilomita 21, kwa nauli ya shilingi 650 njia kuu. Hapo ndipo Watanzania wengi tulipokutana mara ya kwanza na swali la kadi: ununue kadi uijaze pesa na kuigusisha getini, au ukate kikaratasi kila safari dirishani? Mambo ya kadi yamepanda na kushuka tangu wakati ule, kuna nyakati zilipatikana na nyakati karatasi zikarudi. Upande wa kivuko cha Magogoni kwenda Kigamboni nako ikaja N-Card, ambayo watu hutumia pia kuingilia uwanja wa mpira.

Jambo ambalo wengi hawalielewi ni hili: kadi za kwetu hazikupi punguzo kwa kupanda mara nyingi. Kadi ni pochi tu. Unaweka pesa, inakatwa nauli ile ile kila unapogusa. Faida yake ni kuruka foleni ya dirisha na kutobishania chenji. Kwa hiyo piga hesabu kabla ya kuijaza. Chukua nauli ile ya 650 ya mwanzo. Maharusi wawili, siku 3, safari 4 kwa siku kila mmoja, ni safari 24, jumla shilingi 15,600. Ukijaza 40,000 kwa sababu karani amekuambia "jaza kabisa dada", unarudi Bukoba na shilingi 24,400 ambazo huku hazinunui hata hiliki. Tazama nauli ya siku hiyo, hesabu safari zako, jaza hizo na mbili za ziada.

Wenzetu wa miji mingine wamekwenda mbele ya hapo. London kadi yao ya Oyster, iliyoanza 2003, ina kikomo cha siku: ukishafikia kiasi fulani safari zilizobaki za siku hiyo hazikatwi tena. Dubai, ambako wafanyabiashara wa nguo za harusi kutoka Tanzania hufika kila mara kufuata vitambaa na shanga, wana kadi ya Nol iliyokuja na treni yao ya mjini mwaka 2009. Kadi ya fedha ni ya behewa la kawaida, ya dhahabu ni ya behewa la bei kubwa, nyekundu ni ya karatasi kwa wageni wa siku chache. Mwanamke asikimbilie dhahabu kwa kutafuta faragha, maana kuna behewa la wanawake na watoto, na kadi ya kawaida inaingia humo. Hilo likija kwenye mwendokasi wetu tutashona bendera.

Kwa anayekwenda Dar, kuna treni ya SGR nayo. Ilianza Dar hadi Morogoro Juni 2024, ikafika Dodoma Julai mwaka huo, na ikazinduliwa rasmi tarehe 1 Agosti. Nauli ya daraja la kawaida Dodoma hadi Dar ilipoanza ilikuwa shilingi 31,000. Msafiri wa kutoka Kagera anaweza kushuka basi Dodoma, akaoga, akaswali, akapanda treni akafika Dar akiwa na sura ya mtu. Tiketi ina jina na kitambulisho, hapana jina hapana safari. Mpenzi msomaji, tulipoona utaratibu ule tulifikiria daraja la tatu la 1996.

Na Mwanza? Victoria ilisimama miaka kadhaa kwa ubovu, ikakarabatiwa, ikarudi kazini mwaka 2020 kwa jina la New Victoria Hapa Kazi Tu, ikiwa na uwezo wa abiria 1,200. Kwa fungate ya kwenda Mwanza sisi bado tunaipenda kuliko basi, kwa sharti mkate mapema, maana vyumba ni vichache na huisha kabla ya viti. Muulize karani kwa maneno haya haya: chumba cha vitanda vingapi, kinafungwa kwa ndani, na kama unasafiri na dada zako, utalala na wanawake watupu au la? Magharibi na isha mzipange kabla ya kupanda, na mkishindwa, rukhusa ya msafiri ipo. Usingoje Kemondo ukidhani utapata kilichobaki, waliopanda Bukoba wameshachagua.

Watu wa Muleba wengi sasa wanaiacha meli. Daraja la Kigongo na Busisi, lenye urefu wa takriban kilomita 3, lilizinduliwa Juni 2025, na foleni ya kivuko iliyokuwa ikila nusu ya siku haipo tena. Unapanda basi Muleba asubuhi, unapita Geita na Sengerema, unaingia Mwanza mchana. Kwa mwenye siku 2 tu za kutembea, hilo ndilo tungechagua, na tiketi mkate ya kwenda peke yake, ya kurudi mkate huko huko mkishajua mmebakiwa na nini baada ya soko.

Lakini wilaya ya Muleba ina visiwa pia, Bumbire, Goziba, Ikuza, Kerebe, na mabi harusi wako huko kama walivyo Unguja. Tunawatumia magauni kwa boti za mbao zinazobeba dagaa. Bi harusi wa Goziba anayekwenda mjini kutembea na mumewe hachagui daraja wala kadi. Mara nyingi anampa nahodha nauli mkononi, anakaa juu ya gunia akiwa ameshikilia boksi la shela lisilowe, na jina lake halijaandikwa popote.